Siku ya 3 baada ya upasuaji wa ngiri, mtoto analia usiku: ni nusu kaputi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miezi 8 na kilo 8. Jumanne alipasuliwa ngiri ya kinena upande wa kulia kwenye hospitali moja huko Moshi, kwa nusu kaputi. Jumatano tukaruhusiwa, tukarudi Arusha kwa Kosta, na njiani alitapika mara moja. Siku ya upasuaji aliamka analia kama hanitambui, miguu imelegea mpaka jioni, sauti imekauka. Hayo yameisha. Leo Ijumaa ananyonya kidogo kidogo, mchana analala vipande vipande, usiku anaamka anapiga kelele na hataki kushikwa na mtu mwingine. Korodani ya upande ule imevimba. Nampa sirapu ya parasetamoli mililita 2 na nusu, akilia sana tu, maana naogopa dawa zisizidi. Mama mkwe anasema nusu kaputi bado iko kichwani na kwamba watoto wa hivi huja kuwa wazito shuleni. Jirani anasema nimpe Piriton alale. Nifanyeje arudi hali yake? Na naweza kumbeba mgongoni nikienda sokoni?
Mama, mtaa wa Sakina, Arusha

JIBU la mtaalamu wa dawa za usingizi, Moshi:

Marahaba mama, na pole kwa kuuguza. Umenirahisishia kazi kwa kuandika kilo za mtoto na kipimo cha dawa. Wazazi wengi huniuliza habari za dawa bila kutaja kilo, ikabidi tuanze kuulizana upya. Kwa hizo kilo 8 na hizo mililita 2 na nusu, sehemu kubwa ya tatizo nimeshaiona: mwanao anaumwa kidonda. Kama sirapu yako ni ile ya kawaida, dawa unayompa ni ndogo, tena inamfikia akiwa ameshachelewa. Kilio cha Ijumaa usiku hakina uhusiano na nusu kaputi ya Jumanne.

Nianze na hiyo nusu kaputi, maana mama mkwe hatatulia bila maelezo, na ni haki yake kuuliza. Mtoto wa umri huu kwa kawaida tunamlaza kwa dawa ya hewa anayoivuta kwenye barakoa, au kwa sindano ya mshipani kama ketamini au propofoli, au vyote viwili. Dawa ya hewa huingilia mapafuni na kutokea mapafuni. Tukishaifunga kwenye mashine, kila pumzi anayoitoa inaondoka na kiasi chake, ndiyo maana mtoto huanza kujitikisa hata kabla hajatolewa mezani. Ile ya mshipani huvunjwavunjwa na ini, mabaki yakatoka na mkojo. Mtoto anayesinzia na kulegea jioni ile ile ya upasuaji, au hata asubuhi yake, bado ana mabaki ya dawa. Ikifika siku ya 3 hakuna kitu.

Kile kilio cha kuamka bila kukutambua nakijua vizuri. Macho yako wazi, anajirusha, anakataa ziwa, unamwita jina lake na hakuoni. Ubongo unaamka kwa awamu, na sehemu ya kulia na kurusha miguu hutangulia ile ya kumtambua mama. Kwa kawaida haizidi nusu saa, na haiachi chochote nyuma yake. Wauguzi tumezoea mno, na pengine ndiyo sababu hatukumbuki kumwonya mzazi mapema.

Miguu iliyolegea ilitokana na kitu kingine kabisa. Katika upasuaji wa kinena, wengi wetu tukishamlaza mtoto tunampiga sindano ya ganzi chini kabisa ya mgongo, pale juu ya mkia, ili akiamka asisikie maumivu kwa saa kadhaa. Ganzi hiyo hulegeza miguu, na wakati mwingine huchelewesha mkojo wa kwanza. Sauti iliyokauka ni bomba la kupumulia lililopita kooni, na kwa kawaida hupona kwa siku 1 au 2. Kutapika mara moja ndani ya siku ya kwanza si ajabu, na safari ya kilomita kama 80 ndani ya Kosta yenye joto, matuta kila kijiji, inaweza kumtapisha hata mtu ambaye hakupasuliwa.

Sasa tazama ganzi ilivyofanya kazi yake. Jumanne mwanao hakuwa na maumivu makubwa kwa sababu ya sindano ile, na huenda hospitali walimwekea na dawa nyingine ya maumivu. Mmefika nyumbani Jumatano, ganzi imeshaisha, na hapo ndipo dawa ilipotakiwa kushika nafasi yake. Badala yake amekuwa akipewa nusu kipimo, tena baada ya kulia sana.

Hesabu yenyewe ni hii. Parasetamoli kwa mtoto hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa dozi moja. Kwa kilo 8 ni miligramu 80 hadi 120. Sirapu nyingi za maduka yetu ya dawa zina miligramu 120 ndani ya kila mililita 5, lakini chukua chupa yako uisome kabla hujaendelea, kwa sababu zipo zenye 250 ndani ya mililita 5, na zipo za matone ambazo ni kali zaidi ya hapo. Kama yako ni ya 120, mililita 2 na nusu unazompa ni miligramu 60 tu, yaani hata kile kiwango cha chini hujakifikia. Kwa sirapu hiyo ya 120, mpe mililita 5. Rudia kila baada ya saa 6, na usizidishe mara 4 kwa saa 24, hapo na dozi ya usiku imo. Ukimpa saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku, umemaliza siku nzima vizuri. Kama karatasi uliyopewa ulipomtoa wodini ina maelekezo tofauti, au mtoto amewahi kuambiwa ana shida ya ini, fuata hayo na umpigie aliyekuandikia.

Mpe kwa saa, alie asilie. Najua ni vigumu kumwamshia dawa mtoto ambaye hatimaye amelala, na usiku si lazima umwamshe hasa, unaweza kumnywesha akiwa nusu usingizini kabla ya kumpa ziwa. Maumivu yakishapanda, dozi ile ile inachukua muda mrefu kuyashusha, na wakati huo mtoto amelia, amechoka, amekataa kunyonya, na wewe umekata tamaa na dawa ukisema haifai. Mpe kwa saa leo, kesho na keshokutwa. Baada ya hapo acha dozi moja ya mchana uone. Akibaki mchangamfu, unaendelea kupunguza.

Kijiko cha chai cha jikoni usikitumie kupimia, kwani vijiko vya nyumbani havilingani. Omba duka la dawa bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano, ni bei ya chini kabisa. Mtoto akae ameinuka kidogo, ingiza ncha ya bomba pembeni, kati ya shavu na fizi, na sukuma kidogo kidogo huku ukimsubiri ameze. Ukimlaza chali na kummiminia katikati ya ulimi atapaliwa, au atakutemea nusu ya dozi kwenye kitenge chako, na hapo hutajua amemeza kiasi gani. Akiitapika yote palepale unaweza kurudia, lakini ikishapita nusu saa usirudie, ngojea dozi inayofuata.

Angalia pia kama kuna dawa ya mafua ndani ya nyumba yenye parasetamoli humo humo, maana ukizichanganya unampa mara mbili bila kujua. Ibuprofeni huongezwa kwa watoto waliozidi miezi 3, na inasaidia sana, ila mwachie daktari wako aamue, na isitolewe kwa mtoto anayetapika, anayeharisha au aliyekauka maji. Zile za watu wazima zilizobaki kabatini ziache huko huko. Nazitaja kwa majina kwa sababu nimeshakutana nazo: tramadoli, kodeini, diklofenaki, aspirini. Kodeini na tramadoli ndizo zinazoniogopesha zaidi. Wapo watu ambao miili yao huzigeuza kuwa kali kwa kasi, na mtoto mdogo anaweza kuacha kupumua usingizini. Marekani walizipiga marufuku kwa watoto wa chini ya miaka 12 mwaka 2017.

Hapo hapo namjibu jirani. Piriton haiondoi maumivu hata kidogo. Inamsinzisha mtoto anayeumwa, basi, na anabaki anaumwa akiwa hawezi kukuambia. Wengine huwa na kinyume chake, wanazidi kuchachamaa. Fenagani, ambayo ni ndugu yake, haitakiwi kabisa kwa mtoto chini ya miaka 2 kwa sababu inaweza kufunga pumzi. Usingizi wa dawa pia unakuficha wewe mzazi: siku hizi za kwanza nataka uwe unaweza kutofautisha mtoto aliyelala na mtoto aliyezidiwa. Asali nayo, kama kuna mtu ameshaitaja, haipewi mtoto ambaye hajafika mwaka 1.

Hata dawa ikikaa sawa, bado ataamka usiku kwa siku kadhaa, na hili lina sababu nyingine. Miezi 8 ndiyo umri ambao mtoto anaanza kujua kwamba mama akitoka mlangoni ameondoka kweli. Katikati ya umri huo huo, mwanao alichukuliwa mikononi mwako na watu wenye barakoa, akanyimwa ziwa kwa saa kadhaa kabla ya upasuaji, akaamka mahali pa taa kali, mkononi ana kanula. Kukataa kushikwa na wengine ni akili yake kufanya kazi vizuri. Kwa wengi hali hii hupungua ndani ya wiki 2. Mlaze karibu na wewe, mpe ziwa anapolitaka hata kama ni la kujituliza tu, mweke kifuani ngozi kwa ngozi mkiwa mmejifunika. Kunyonya na kukumbatiwa vinapunguza maumivu ya mtoto, hilo limepimwa, usidhani nakupa maneno ya faraja. Wageni waje, wakae, wale, lakini mtoto asipitishwe mkono kwa mkono. Najua kwetu huku mgeni aliyekuja na ndizi kutoka Machame kumwambia asimbebe mtoto si rahisi. Mwachie mama mkwe kazi hiyo, ataiweza kuliko wewe.

Kuna na wanaosema mtoto akilia sana ngiri itarudi. Kwa mtoto mdogo, ngiri ya kinena ni njia iliyotakiwa kujifunga yenyewe karibu na kuzaliwa na haikujifunga. Daktari ameifunga kwa uzi huko ndani, na kilio hakiifungui. Mtulize kwa sababu anaumwa, hofu ya kufumuka iondoe.

Tuje kwenye lile zito, la shuleni. Halikuzuka hewani. Wanasayansi waliwapa wanyama wachanga dawa hizi kwa muda mrefu wakaona madhara kwenye ubongo, na Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu watoto wa chini ya miaka 3. Onyo lenyewe liliwalenga wanaolazwa kwa zaidi ya saa 3, au wanaorudia mara nyingi. Mwanao hayumo humo. Upasuaji wa ngiri kwa mtoto kwa kawaida haufiki hata saa 2.

Na bahati nzuri upasuaji uliochunguzwa sana katika suala hili ni huo huo wa ngiri. Watafiti walichukua watoto 722, wadogo kuliko wako, katika hospitali 28 za nchi kama Australia, Italia, Uingereza na Marekani. Kwa kura, baadhi walilazwa kwa nusu kaputi na baadhi wakafanyiwa wakiwa macho kwa ganzi ya mgongoni. Wengi walikuwa usingizini kwa kama saa 1. Walipofika miaka 5 walipimwa akili, na matokeo yaliyotoka 2019 hayakuonyesha tofauti kati ya makundi hayo. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2016, ulilinganisha ndugu kwa ndugu, jozi 105: mmoja alipasuliwa ngiri kwa nusu kaputi kabla ya miaka 3, mwenzake hakupasuliwa. Walikuwa sawa. Mimi nalaza watoto karibu kila siku ya kazi, na nisingeweza kuendelea kama ningeamini ninawapunguzia akili.

Mweleze mama mkwe na upande wa pili. Ngiri ya mtoto chini ya mwaka 1 ina tabia ya kubana. Utumbo unaingia, unakwama, damu haifiki, na ndani ya saa chache unaweza kuoza, wakati mwingine na korodani pamoja nao. Hilo ndilo mmeliepuka Jumanne.

Kidonda sasa. Uvimbe wa korodani ya upande uliopasuliwa, laini, hata ukiwa na rangi ya zambarau kidogo, ni kawaida na unaweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kuisha wote. Doa dogo la damu kavu kwenye plasta si neno. Kama plasta imetoka mkojo umeingia, ibandue taratibu, safisha kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kausha kwa kitambaa kisafi kwa kugusagusa, na acha kidonda kipate hewa. Nyuzi za watoto mara nyingi ni zile zinazoyeyuka zenyewe, ila hakikisha kwenye karatasi yako. Pampasi ivalishwe ukingo wake wa juu ukiwa umekunjwa chini ya kidonda, na ibadilishwe mara kwa mara kuliko ulivyozoea. Kuoga ni kwa kufutwa na kitambaa, wiki ya kwanza asikalishwe kwenye beseni. Usipake samli, majivu, dawa ya meno, spiriti wala unga wa kapsuli. Hicho cha kapsuli bado nakiona, mama anaifungua na kuinyunyiza kidondani akiamini ni kinga. Inatengeneza ukoko, na usaha unakaa chini yake bila wewe kuuona.

Mgongoni, hapana, kwa wiki 2 hivi. Fikiria jinsi mbeleko inavyomkamata: mapaja yamepanuliwa, kinena kimegandamizwa kwenye mgongo wako, na uzito wake wote unakaa hapo hapo penye mshono. Ukitembea, panasuguliwa kila hatua. Mbebe mbele, amelala pembeni mikononi, miguu pamoja, mkono wako mmoja chini ya matako na mwingine nyuma ya mabega, na kama unatumia kanga kusaidia mkono, uso wake uuone muda wote na kidevu kisiangukie kifuani. Hilo la kidevu lina uzito zaidi siku ya kwanza, akiwa bado na dawa mwilini. Shingo ikijikunja njia ya hewa inabanwa, naye hana nguvu ya kujiinua. Sokoni, kama hapana budi, mwache na baba yake au na bibi baada ya kumnyonyesha. Bodaboda isahau kabisa mpaka apone.

Chakula hakina siri. Maziwa yako ndiyo ya kwanza, mara nyingi na kidogo kidogo, kwa siku 1 au 2 hizi yanatosha hata akikataa vingine. Akianza kutamani, mpe vile alivyokuwa akila kabla ya upasuaji: uji wake, mtori mwepesi uliopondwa vizuri. Chakula kipya kisubiri wiki ijayo, ili akiharisha tusianze kubishana kama ni chakula au ni maradhi. Ninachotaka uhesabu ni pampasi zenye mkojo. Ukimbadilisha mara 5 au 6 kwa siku nzima na zote zimelowa, maji yanatosha hata kama unaona ananyonya kwa mkato.

Baridi ya Arusha miezi hii nayo ina lake. Mtoto avae kofia na soksi, lakini jiko la mkaa lisiingizwe chumbani anakolala, hata likiwa limeshakolea na halitoi moshi. Hewa yake yenye sumu haionekani wala hainuki, na koo lililotoka kupitishwa bomba halihitaji muwasho mwingine. Sigara za wajomba nje.

Homa ya joto kidogo siku ya kwanza au ya pili hutokea bila maambukizi. Baada ya hapo naacha kuivumilia. Usaha wa kidonda mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya 3 na ya 7, kwa hiyo mwanao ndiyo anaingia kwenye siku za kuangaliwa. Nunua kipimajoto, mkono juu ya paji la uso hautoshi. Ikifika nyuzi 38.5, au ikiwa 38 na haishuki, au kidonda kimekuwa chekundu kinachosambaa, cha moto, kigumu, kinatoa usaha au harufu, mpeleke siku hiyo hiyo. Wakitaka kumpima malaria waache wampime, hasa kama mlilala Moshi maeneo ya chini yenye mbu, lakini waombe wamvue nguo na kukitazama kidonda pia. Nimeona mtoto anarudishwa nyumbani na dawa ya malaria wakati pampasi haijafunguliwa.

Usingoje asubuhi kama anatapika mfululizo, au matapishi ni ya kijani, au tumbo limejaa na hapati choo. Usingoje pia kama ule uvimbe wa kinena umerudi ukiwa mgumu na analia ukiugusa. Saa 8 bila mkojo, utosi umebonyea, mdomo mkavu: nenda. Anapumua mbio huku mbavu zikibonyea, au anavuta pumzi kwa mlio wa kukwaruza kooni, au midomo imebadilika rangi: nenda sasa hivi. Na yule anayelala kiasi kwamba humwamshi hata kwa ziwa, siku ya 3, msiseme kwamba dawa bado inaisha. Uko Sakina, hospitali ya Mount Meru iko karibu. Usianze safari ya Moshi usiku eti kwa sababu ndiko alikopasuliwa. Chukua tu karatasi yake, waanzie hapo, na kama kuna haja watawasiliana.

Kwa wengine wanaosoma hapa wakiwa na watoto wachanga zaidi, hasa waliozaliwa njiti: msiombe kuruhusiwa mapema. Mtoto wa namna hiyo anaweza kusahau kupumua kwa sekunde kadhaa ndani ya usiku wa kwanza baada ya nusu kaputi, na ndiyo sababu wodi inataka kumwangalia mpaka kesho yake. Na aliye chini ya miezi 3 akipata homa ya 38, hata bila dalili nyingine, ni wa hospitali moja kwa moja.

Mama, ukianza dozi kamili jioni ya leo, nategemea kesho Jumamosi mchana umwone ananyonya kwa muda mrefu zaidi na kulala angalau saa 2 mfululizo. Kama Jumapili jioni umempa dawa kwa saa na kwa kipimo hiki na bado analia vile vile, basi siyo suala la kipimo tena. Mrudishe atazamwe, hata kama hana homa.

Siku ya kliniki nenda hata akiwa anacheka. Mwambie daktari aziguse korodani zote mbili, kwa sababu mara chache ya upande uliopasuliwa hupanda juu na kovu, na aangalie na kinena cha kushoto, maana wapo wanaopata ngiri ya upande wa pili baadaye. Beba kadi ya kliniki pia. Mwezi ujao anatimiza miezi 9, na chanjo ya surua na rubella haiahirishwi kwa sababu ya upasuaji huu, mradi siku hiyo hana homa.